Nimepimwa Sare ya Kushika Besi

Jumatano, jioni. Mvua iliyoanza asubuhi imekatika sasa hivi, na vyura wa mitaro ya mtaa wetu wa Viwanja Sitini wameshika zamu. Kumepoa vizuri. Mimi sijapoa.

Leo nimepimwa sare mpya ya kwaya. Ningepaswa kufurahi.

Nianze mwanzo, maana huenda kuna mgeni anasoma shajara yangu hii ya mtandaoni. Kwa miaka mingi nilikuwa mpiga besi wa kwaya ya parokia. Gitaa la besi, lile la umeme. Kuimba siwezi, hata mke wangu Veronika, pamoja na huruma zake zote, huniomba ninyamaze. Kwenye kwaya mimi nilikuwa vidole tu, na vidole vilitosha. Halafu mto Lumemo ukaja kututembelea hadi chumbani, gitaa na spika yake vikazama. Maji yalipoondoka tulianika godoro na gitaa pamoja. Godoro lilipona.

Kwaya haikunisubiri. Edina, binti anayepiga kinanda, aligundua kwamba mkono wake wa kushoto unaweza kufanya kazi yangu yote. Na anaifanya vizuri. Ningependa kuandika kwamba anaboronga, lakini nikidanganya hata kwenye shajara yangu, ukweli nitausemea wapi?

Ndipo likapatikana hili besi la kusimama. Lilikuwa stoo ya parokia, nyuma ya viti vilivyovunjika, limeachwa na mtawa mmoja mgeni aliyekwisha kurudi kwao. Umbo lake ni la fidla, ila ni refu kunizidi, na halitaki umeme. Mama Agripina, mwenyekiti wetu, aliniambia nilichukue nikajifunze, nikiliweza nirudi kwenye nafasi yangu. Siku hiyo nililia, na sioni aibu kulisema.

Nililifunga kwa shuka jeupe, nikalilaza kwenye guta la kukodi, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Njiani waendesha baiskeli wakaanza kushuka mmoja mmoja na kusimama pembeni, wengine wakavua kofia. Walidhani nimebeba maiti. Mzee Shabani mwenye duka la vitenge akatoka hadi barabarani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini, kisha akauliza, "Nani ametutoka, mwanangu?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni ala ya muziki."

Alilitazama lile shuka jeupe. "Haya. Pole hata hivyo," akasema.

Nilicheka hadi nyumbani. Leo naona mzee alikuwa ameona mbali.

Kwenye gitaa, mpini umekatwa na vile vyuma vidogo. Ukibonyeza karibu tu, noti inajileta. Kwenye hili mpini ni mtupu, hauna alama, na ukikosea upana wa ukucha umeharibu. Nilichora mistari ya chaki, jasho likaifuta. Waya mnene ulikatika, nikaweka waya wa breki ya baiskeli, maana mwingine ningeutoa wapi Ifakara? Unakoroma badala ya kuimba. Vidole vyangu, pamoja na sugu zake zote, vimetoka malengelenge upya. Msimu mzima wa palizi nimekuwa nikirudi kutoka shambani na matope, nanawa mikono, nalikumbatia. Mwanzoni Veronika alikuwa akinitania: "Baba, mwenzio huyo ameshiba kukumbatiwa, mimi je?" Siku hizi hatanii tena. Anafunga mlango wa jikoni taratibu, na hilo ndilo lililoanza kunitisha.

Leo mazoezini Mwalimu Kasiani, anayetufundisha kwaya, alinipa wimbo mmoja wa kujaribu. Alimwambia Edina aondoe mkono wa kushoto.

Ubeti wa kwanza nilikuwa mtu tena. Nausema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Kwenye kiitikio mkono wangu ukateleza kidogo, sauti ikashuka, na akina baba wa sauti ya nne, ile nzito, ambao kwa miaka yote wamezoea kunisikiliza mimi, wakashuka nami. Akina mama nao wakawafuata. Kwaya nzima ikateremka, kinanda kikabaki huko juu peke yake.

Walipotea kwa sababu waliniamini.

Mwalimu aliinua mkono. Hakugomba. "Kaka Fide, pumzika kwanza," alisema, na Edina akarudisha mkono wake wa kushoto bila kunitazama.

Fundi cherehani alipoingia na futi yake nikaanza kulifunga besi niondoke. Sare si ya msikilizaji. Mama Agripina akaniita.

"Fide, unakwenda wapi? Njoo upimwe. Jumamosi ya wiki ijayo si tunakwenda kupiga video Lupiro, kwenye mpunga?"

"Mimi tena, mama?"

"Hilo besi lako litapendeza mno kwenye picha! Sauti tumesharekodi, kinanda kimemaliza kila kitu. Wewe utalishika, utatikisa kichwa, vidole utapapasapapasa. Nani atajua?"

Hakusema kwa ubaya. Alifikiri ananipa zawadi, na wenzangu wakapiga makofi. Nikanyoosha mikono, fundi akanipima mabega na kifua. Nikasema asante.

Sasa besi limeegemea ukuta hapa, mbele yangu. Mimi nimehangaika lipate sauti, wao wamelipenda likiwa bubu. Nikikataa, nitabaki mtu wa viti vya nyuma, nasikiliza kazi yangu kwenye mkono wa mwingine kila Jumapili. Nikikubali, wilaya nzima itaniona kwenye simu nikipiga besi ambalo silipigi. Sina njia ya tatu. Nimeitafuta tangu nilipotoka kanisani.

Nimeamua jambo moja tu, dogo. Siku ya video sitapapasa. Nitaupiga ule wimbo kweli, noti kwa noti, kiitikio na vyote, huku wimbo uliorekodiwa ukinifunika kutoka kwenye spika ya mpiga picha.

Nikikosea, hakuna atakayesikia.

Nikipatia pia.