Maganda Yaliyobanduka

Baba,

Jana nilimaliza kuhamisha vitu kwenye chumba chako cha chuoni. Walinihimiza kwa upole, maana kuna mtu anakisubiri. Hadubini ni yao, imebaki. Mimi nimerudi nyumbani Woodbury na kofia yako ya baridi, brashi yako, na ile slaidi ya mwisho ya mawe ya Kilifi.

Tangu tukuzike hapa, Mama haongei nami. Alitaka ulale kwenu, pwani. Nilimwambia ni wewe uliyesema, kila tukipita kwenye magenge ya mto Mississippi, "Hapa pia palikuwa bahari, mwanangu, tena ya kina kifupi, jua likifika chini." Akanijibu kwamba hiyo bahari yenu haina ndugu yako hata mmoja. Leo nilipita makaburini, theluji imefunika kila kitu, sikukuona. Sijui kama nilikosea, Baba.

Jioni nikaifungua slaidi mezani, kile kibao chako chenye kishimo na kifuniko cha kioo. Nilitaka tu kuwaona hao foraminifera wako, viumbe wadogo kama punje ya mchanga wanaojijengea ganda, waliokufa hata pwani yetu haijawa pwani. Ulikuwa umeyapanga maganda yao kuanzia wa ufukweni mpaka wale walioishi maji yanapoanza kuwa na kiza. Kila moja uliliokota vile vile: unailamba ncha ya brashi, unalinyanyua ganda, unalibandika kwa gundi. Nilipokuwa mdogo nilikuambia unakula maiti. Ulicheka mpaka meza ikatikisika, ikabidi uanze upya.

Basi nikalia. Chozi likadondoka ndani. Gundi yenyewe huyeyuka kwa maji, ndiyo maana ulinikataza hata kupiga chafya karibu nayo, na kabla sijapata kitambaa maganda yalikuwa yamebanduka, yanaelea ovyo.

Nikachukua brashi. Ilikuwa imekauka, ncha imesimama vile ulivyoiacha kwa mdomo wako siku ya mwisho ya kazi. Niliibeba ndani ya kofia nisiiguse. Lakini ikiwa kavu haiokoti kitu, wajua. Nikailamba.

Maganda niliyaokoa yote, nadhani. Wewe nimekufuta. Nguo zako Mama alishafua, shuka za hospitali walichukua wenyewe, na pale kwenye ncha ya brashi ndipo pekee ulipokuwa umebaki. Nimekaa hapa nimechoka kabisa, na saa nyingine nakukasirikia kwa kuondoka.

Mimi ni nesi, Baba. Sijui lipi liliishi kwenye jua na lipi kizani. Wenzako wamesema wanaweza kukisia, nimekataa. Nakuahidi sitabandika hata moja mahali nisipokuwa na hakika napo, hata kama yatakaa hivyo hivyo mpaka nami nife.

Kwaheri, Baba. Slaidi nimeifunga. Brashi sijaiosha, ingawa sasa hakuna cha kuhifadhi.

Binti yako