Mkono Usio wa Hadija

Jumatatu, 1 Juni
Baridi imeingia Gitega. Tangu asubuhi naunganisha mikono ya sweta za watoto wachanga. Sita tayari. Nyuzi zimefichwa, vifungo vimeshika. Naipenda kazi hii. Mdogo wangu Hadija anafuma vipande kwake Muyinga, mi namalizia hapa mtaani Nyamugari.

Jumatano, 3 Juni
Dereva wa basi kaleta kifurushi cha Muyinga. Hakuna barua. Anasema kapewa na jirani wa Hadija.
Nimekifungua mezani. Si mkono wa Hadija. Yeye anafuma kwa kulegeza, laini. Vipande hivi vimekazwa mpaka vinasimama vyenyewe.
Nani kafuma? Hadija yuko wapi?

Alhamisi, 4 Juni
Njia ya Muyinga imefungwa. Mapigano. Watu wanasema subiri.
Nimevilowesha vile vipande kwenye maji ya vuguvugu, nikavinyoosha taratibu. Hadija ana mimba ya miezi saba. Tangu vita vianze tumezika wawili nyumbani. Sitaki wa tatu.

Jumamosi, 6 Juni
Nimemfokea Mama kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Aibu. Nimemwomba radhi.
Sweta moja ya vipande vile haitapita kichwani mwa mtoto, shingo imebana. Nimefumua, nimeanza upya.

Jumatatu, 8 Juni
Njia imefunguliwa, magari yanakwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Nimepanda. Kwenye kila bariyeri, kizuizi cha askari, tumeshuka kuonyesha vitambulisho.
Muyinga saa tisa. Nimemkuta mume wa Hadija, Saidi, uani. Dereva wa lori mzima, sindano mkononi, sweta mapajani. Kaniona, kaficha uzi nyuma ya mgongo.
"Hadija iko wapi?"
"Iko ndani, dada. Iko muzima. Muganga kasema alale tu mpaka azae. Basi mi namufumia. Lori haitembei, nifanye nini? Tafadhali, usiambie watu."
Ndiyo maana kifurushi kilipitia kwa jirani. Na Hadija hakuandika, eti nisipate wasiwasi!
Sauti yake ikatoka chumbani: "Anakaza sana, si ndiyo? Namwambia kila siku!"
Nimecheka. Kisha nimelia, nikashindwa kunyamaza. Nimeingia kwake. Tumbo lake kubwa. Nimeliwekea mkono, mtoto kapiga teke.

Jumanne, 9 Juni
Jua zuri. Nimemwonyesha Saidi kulegeza uzi kwenye kidole. Anashika upesi.
Mchana Hadija kalala. Sisi wawili uani, chai ya tangawizi, kila mtu na upande wake wa sweta moja. Ya mtoto wao.
Upande wa Saidi bado umekaza kidogo. Nimeuunganisha hivyo hivyo.