Mkondo Usiojua Kuisha

Mwenzangu, nimemjibu bosi. Mbele ya wateja. NIMEMJIBU!

Unaukumbuka ule mkondo wa data nilioandika mwenyewe kwa lugha ya JavaScript, ili programu yetu ya kompyuta isome faili kubwa kipande kwa kipande? Leo ndiyo nimeuonyesha. Vipande vyote vimefika salama, lakini kile kiduara cha kusubiri kikazunguka weee, hakikomi.

Nilisahau mstari mmoja, ule wa kuuambia mkondo kwamba data imekwisha. Basi ukakaa unangoja.

Bosi akapata pa kusemea. "Kazi yako haina mwisho! Haina mwisho!" Akaanza na mkondo, akahamia kwenye kuchelewa kwangu, akafika hadi kwenye nywele zangu! Chai za wateja zimepoa, yeye bado.

Maneno yakaniponyoka: "Bosi, mkondo wangu umekosa mstari mmoja tu wa kuuambia imetosha. Wewe utaambiwa na nani?"

Mteja mmoja kapaliwa.

Nikaandika ule mstari palepale, kiduara kikatulia.

Sasa naitwa ofisini kwake. Naenda, kifua mbele. Kosa langu nimesharekebisha. Lake tusubiri.