Baba Amegoma Kumeza Dawa

Mwika, Moshi
21 Julai 2025

Mpendwa kaka Aristides,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Tunduma? Shemeji Victoria hajambo? Na Calvin, kile kikohozi kimekwisha au bado anagombana na vumbi la mpakani? Duka la vipuri linakwendaje? Sisi huku tunapumua. Mama ni mzima isipokuwa magoti, maana baridi ya mwaka huu haina adabu, ukungu unashuka mpaka barabarani na nguo zinakaa kambani hadi zinanuka. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia.

Najua utasema, huyu Hilda kaingiwa na nini, simu anayo na bando analo, barua ya nini? Kaka, simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Halafu siwezi kukupigia nikayasema haya huku Baba amekaa sebuleni, maana kila kitu kwake kinaumwa siku hizi isipokuwa masikio. Nimempa Tito, yule dereva wa lori la ndizi, akukabidhi mkononi. Isome ukiwa umekaa, wateja wasubiri.

Baba hamezi dawa. Nakwambia mapema usije ukasoma nusu ukaikunja. Tangu ile Jumapili ya simu hajameza hata kidonge kimoja, na mimi naogopa, kaka, naogopa kweli.

Nianze mbali kidogo, maana wewe mambo mengi umeyasikia nusunusu. Alipotoka kulazwa mjini, baada ya kuambiwa moyo umechoka kusukuma damu, aliingizwa kwenye utafiti wa wauguzi. Wanataka kujua kama mgonjwa wa moyo akifuatwa nyumbani, akafundishwa yeye na watu anaokula nao, ataendelea vizuri kuliko kupewa dawa na kuambiwa tuonane kliniki. Nesi anayekuja kwetu anaitwa Simran, Singasinga wa pale Moshi mjini, kazaliwa hapo hapo, Kiswahili chake kinatushinda sisi wa migombani. Anakuja na mizani yake, anampima Baba uzito, anabonyeza miguu kuona kama imejaa maji, anamwuliza analala na mito mingapi, anapumuaje akipanda kutoka mfongoni, na kama amekula chumvi.

Baba aliupenda ule utafiti kuliko misa, Mungu anisamehe. Siku ya Simran alikuwa anavaa koti! Anajibu kila swali taratibu kama yuko mahakamani. Wewe unamjua. Miaka yote yeye ndiye mgawa maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa mashamba, watu wamefika na majembe begani wanataka kupasuana, yeye akisema leo ni zamu ya fulani wanarudi makwao. Hakuna aliyewahi kumwambia hapana, umedanganya. Sasa alikuwa anaona neno lake linasaidia tena watu.

Chumvi tuliiondoa nyumba nzima. Hata sisi wazima tulikula chakula chapwa hivyo hivyo, mimi nikinung'unika kimoyomoyo. Lakini uzito ukawa unapanda tu, miguu ikajaa mpaka viatu vya kanisani vikakataa kuingia. Simran anauliza, Baba, chumvi? Baba anasema sijaionja. Wiki nyingine hivyo hivyo. Nilichanganyikiwa, ndipo nikakupigia siku ile jumuiya walipokuwa wamekuja kusali kwetu, nikampa Baba simu, naye akaiweka sauti ya juu ili watu wasikie mwanawe wa Tunduma anavyomjulia hali.

Ulichosema unakikumbuka. "Baba, acha uongo bwana, unalamba chumvi kwa kificho kama mtoto." Najua ulisema kwa hofu, sisi kwetu tukiogopa tunafoka, ndivyo tulivyo. Lakini sebule nzima ilisikia. Baba mdogo Antoni akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili! Baba alimpa Mama simu, akaongoza rozari mpaka mwisho bila kukosea hata neno.

Simran alipokuja, alimkuta hana koti. Baba akamwambia, "Binti, utafiti wako unataka mtu anayeaminika. Mimi ni mwongo, mwanangu amesema. Katafute mwingine." Dawa akazifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Simran alitueleza kwamba mgonjwa akitaka kujitoa hawamlazimishi, ni haki yake. Akaomba tu ruhusa ya kupita kutusalimia, kama mgeni wa kawaida.

Basi akapita, kaka, na hapo ndipo mambo yalipofumuka. Baba alikuwa hataki kutoka chumbani, kwa hiyo Simran akaingia jikoni kwa Mama, akakaa kwenye kigoda. Mama alikuwa anapika kiburu, ndizi na maharage. Kama kawaida yake akafungua kopo, akachota magadi, akatia kwenye maharage. Simran akamwuliza, hicho ni nini Mama? Mama akasema, magadi tu. Unatia kila siku? Kila siku, na kwenye mboga ya mnafu pia, maharage yetu bila magadi yanaiva lini? Halafu Mama maskini akaongeza, tena tangu mtukataze chumvi nimezidisha kidogo, ili mzee asile chakula kama cha ng'ombe.

Simran alishika kichwa. Anasema kile kinachoshika maji mwilini kimo kwenye chumvi na kimo kwenye magadi vilevile, kwa moyo wa Baba hao ni ndugu wa tumbo moja. Maswali yao yanauliza chumvi ya kupikia, chumvi ya mezani, hata supu za paketi, lakini magadi hayamo. Na yeye mwenyewe maharage ya magadi kayala tangu utoto wake na hakufikiria! Akawapigia wenzake pale pale. Kumbe huko Old Moshi kuna wazee wanaapa hawajala chumvi na miguu inajaa, na wao nyumbani kwao wameshaanza kutazamwa kwa jicho baya. Sasa magadi yameingizwa kwenye maswali ya kila nyumba.

Mama alilia siku ile, yaani alilia. Anasema nimemlisha mume wangu sumu kwa mkono wangu. Tumembembeleza mpaka tukachoka. Ukipata nafasi mwambie neno, wewe anakusikiliza.

Mimi mjinga nikadhani yamekwisha. Nikakimbia chumbani nikamwambia Baba, ni magadi, ulikuwa unasema kweli! Akanitazama, akasema, "Nilisema." Nikamwomba ufunguo wa kabati. Akageukia dirishani.

Magadi tumeyaacha, kiburu sasa kinakaa jikoni tangu asubuhi mpaka mchana. Miguu imepungua kidogo, lakini Simran anasema hilo peke yake halitoshi. Dawa ndizo zinazotoa maji na kuusaidia moyo, na bila hizo anaweza kuzidiwa siku yoyote. Na wewe barabara ya kutoka huku kwenda hospitali unaijua. Analala amekaa kitini kwa sababu akijilaza pumzi inakata. Juzi katoka kwenda kuchuma kahawa ili tuone ni mzima, nikamkuta ameshikilia mgomba, jasho linamtoka kwenye baridi hii, midomo imebadilika rangi. Nikamwita, akasema anaangalia kama ndizi imekomaa. Mae! Nikiwa nje nafua namsikiliza anakohoa. Akikohoa naogopa, akinyamaza naacha nguo kwenye maji nakimbia kuchungulia.

Nikaamua kujaribu akili yangu. Nilikwenda kwenye ua, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo vizuri kama tulivyoona wakubwa wakifanya wanapoomba msamaha, nikampelekea kwa mikono miwili. Nikasema, Baba, hili linatoka kwa Aristides. Unajua isale halikataliwi, hata kwa aliyemwaga damu. Akanyoosha mkono kulipokea, mkono ukaishia njiani. Akaniuliza, "Aristides anajua?"

Kaka, ningesema ndiyo, labda jioni ile angemeza dawa. Lakini ningewezaje kumdanganya mtu anayekufa kwa sababu ameitwa mwongo? Nikasema hapana, hajui. Akasema, "Basi hilo si isale, hilo ni jani. Lipe mbuzi." Lakini hakusema kwa hasira. Aliniambia nikae, akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Aliyenisema alinisema kwa mdomo wake. Aje kwa miguu yake."

Nikamwomba ameze huku anakusubiri. Akasema, "Yeye akiniamini, ndiye atakayenifungulia kabati." Nimemleta katekista, kamsikiliza kwa heshima, kamkaribisha chai, kabati halikufunguka. Simran naye kajaribu kwa upole wake wote. Amemwambia, Baba, nakuamini, na wenzangu wote sasa wanakuamini, ni wewe uliyetuonyesha tulichokosa. Alifurahi, niliona, mpaka akauliza habari za wale wazee wa Old Moshi. Ila dawa, la.

Kwa hiyo nakuomba uje. Usitume ujumbe, usimpigie, wala usianze kunieleza habari za mzigo uliokwama mpakani. Ukishamaliza kusoma, mwachie shemeji duka. Tito anageuza Alhamisi, kiti cha mbele kiko wazi, nimeshamwambia. Isale utakata mwenyewe hapa kwenye ua wetu, mimi sitakukatia. Ingia hata kama una matope, usisubiri kuoga. Ukitaka kunigombeza kwa barua hii utanigombeza tukiwa tumeketi wote, na Baba akiwa amemeza.

Mama anakusalimu sana na anasema usije na sukari, uje wewe. Baba mdogo Antoni anakusalimu, anasema ukifika upitie kwake kwanza akupe moyo, lakini mimi nasema usipite. Msalimie shemeji Victoria, na umwambie Calvin shangazi anamwekea maparachichi. Ruwa, Mungu wetu, akutangulie njiani kote, akufikishe kabla hatujachelewa.

Baba naye nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza nikupe salamu gani kutoka kwake. Alivuta blanketi magotini, pumzi zinapanda na kushuka. Nikajua hana salamu, nikainuka. Nimefika mlangoni ndipo akaniita, akasema, "Mwambie chumvi sikula."

Mdogo wako akupendaye, na anayeitazama barabara,

Hilda