Shairi la Mvua na Majani ya Bibi Qiu

Siku ya mapumziko, tarehe 10, mwezi wa nne

Mvua! Siku arobaini za ukame, leo imenyesha. Nilitoka uani nikalowa makusudi. Shairi likaja papo hapo: kila nyumba wilayani mwangu inashangilia. Gavana Xun amelisoma, amefurahi mno. Tarehe 14 atakuja ili lichongwe kwenye jiwe la lango, kisha ataniombea nirudishwe mji mkuu. Mama yuko kule, miaka sita sijamwona. Nashukuru mno.

Siku ya kesi, tarehe 11

Hakuna kesi. Mwezi huu watu wamejifungia na viwavi wao wa hariri; mgeni haingii, hata awe mkuu wa wilaya kama mimi. Nikaenda kijijini kusikia hizo shangwe. Kimya. Mjane mmoja, Bibi Qiu, nikamsomea shairi langu mlango ukiwa umefungwa. Akacheka — si kicheko kizuri.

"Hiyo ni mvua ya mpunga, Bwana Mkubwa. Viwavi wakila jani la mforosadi lenye maji wanaharisha, wanakufa. Tunafuta jani mojamoja hapa. Na tafadhali sogea mbali na dirisha, unanuka vitunguu, na viwavi hawavumilii harufu kali."

Miaka yote nawahubiria wenzangu kwamba shairi lisilo kweli ni chokaa kwenye ukuta mbovu. Kumbe anayepaka chokaa ni mimi.

Tarehe 12, mvua bado

Nilikaa kibarazani kwa Bibi Qiu kufuta majani. Asubuhi nzima, kikapu kimoja — na hakikujaa. Akapitisha bakuli la uji kwenye upenyo wa mlango. "Unafuta polepole," akasema, "ila hujachana hata moja." Ikulu hawajawahi kunisifu hivyo! Nimerudi nimeandika shairi jingine. Asante, Bibi Qiu, ambaye hata uso wako siujui.

Siku ya jiwe, tarehe 14

Gavana amesoma mashairi yote mawili. La pili limemkera: nani atamsomea mfalme habari za viwavi kuharisha? Kaniachia la kwanza juu ya meza nimpe mchongaji, kaenda kunywa chai chumba cha pili.

Nimempa Meng, fundi wa kuchonga mawe, la pili.

Patasi imeanza kulia. Gavana ananiambia kutoka huko kwamba mlio huo maana yake narudi kwa mama. Nimemjibu asante, na ni asante ya kweli, amenitendea wema. Sasa anaweka kikombe chini, anataka kwenda kutazama jiwe.