Glasi ya Nodari

Bari, 9 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, na bibi wa Kiitaliano ninayemuuguza bado ana mdomo wake uleule. Barua hii nampa dereva wa basi la vifurushi.

Mama, kuna vijana wamerusha mtandaoni picha za sanatoria yetu hapo Tskaltubo, ile hoteli ya tiba walikotuweka wakimbizi. Wameandika, "Jumba la Wasovieti lililosahaulika." Nikaona ngazi za marumaru, bwawa la tiba limeota miti. Halafu chumba chetu, 214. Koti la baba mlangoni, glasi yake mezani imejaa divai, na jiko lina moto. Si uliniambia umehamia fleti tuliyopewa wakimbizi, mwaka wa pili huu? Miaka kumi na tisa naosha wazee wa watu ili wewe uishi kama mtu. Mbona unanidanganya?

Binti yako,
Marekhi

Tskaltubo, 2 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo, inalalamika tu. Nimekutumia jibini, usiwagawie Waitaliano.

Fleti nimeifunga. Baba yako alipotupandisha basi kule Sokhumi, miaka thelathini iliyopita, vita vikiwa mlangoni, alisema, "Nisubirini sanatoria, wiki mbili tu." Tukabeba nguo za kiangazi. Hiyo fleti yeye haijui. Akija, atamuuliza nani?

Hao vijana waliingia bila hodi, nachemsha maharage. Mmoja akanionyesha kwa mkono nisogee, naharibu picha. Nikasogea. Kwangu mwenyewe, nikasogea.

Mama yako

Bari, 20 Novemba

Mama,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, ndipo usome.

Baba haji. Unakumbuka likizo yangu ya mwisho, wale wanaotafuta waliopotea vitani walinichukua mate ya kupima DNA? Walinipigia miaka minne iliyopita. Wamepata mifupa yake. Nilisaini azikwe Tbilisi pamoja na wenzake, nikawaambia mama mgonjwa, nitamwambia mwenyewe. Nikaogopa. Ulikuwa unaamka kwa ajili yake, ningekuachia nini? Nisamehe.

Binti yako

Bari, 15 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Dereva anasema barua uliipokea kwa mkono wako. Mwaka Mpya simu hukupokea. Niandikie basi, hata matusi.

Binti yako

Tskaltubo, 3 Machi

Marekhi,

Mimi mzima.

Unajua vizuri, marehemu tunamwagia divai kwenye mkate, na glasi hatugongi. Kugonga ni kwa walio hai. Mwaka Mpya mara nne nimesimama na glasi ya baba yako, Nodari wangu, nikamtakia afya. Na wewe kwenye simu ukagonga yako kwenye kioo, ukasema, "Arudi salama, mama." Mara nne. Uongo wa fleti ulikuwa wangu, nakubali. Huu wako siuwezi.

Nimemwaga ile divai. Majirani sita waliobaki walikaa nami mezani, tukamlilia. Kaburini nilikwenda peke yangu na koti lake, nikaliacha huko. Kisha nikahamia fleti. Chumba 214 sasa kitupu kweli, waambie vijana wako wakapige picha.

Mwaka Mpya usinipigie.

Lamzira