Kiti cha Mzee Ulimi

Mpendwa Dada,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Shemeji, na kwamba kikohozi cha mtoto kimeshapoa. Mwambie mkubwa wa watoto kuwa mjomba hajasahau mpira aliomwahidi. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio ulionikalisha niandike.

Unajua kwamba hapa kiwandani, tunakofungasha viungo vya chakula, mimi ni karani tu wa kupokea mizigo. Lakini Bosi ana utaratibu wake: chochote kinachoonjwa, mdogo kwa cheo ndiye huanza, na husema kabla ya wengine, ili asiwepo wa kuitikia maneno ya mkubwa. Mdogo wao ni mimi.

Jumamosi alitupeleka sote kwenye uwanja ambako wauza vyakula hupanga meza zao chini ya miavuli. Mama mmoja mcheshi alikuwa na foleni ndefu kuliko wenzake. Alikuwa akiuza tambi za samaki zilizoviringishwa ndani ya mkate mwembamba, zikamwagiwa chokoleti ya moto yenye pilipili. Alikiita chakula hicho Ndoa ya Mkeka, kwa kuwa, alisema, waliomo ndani hakuna aliyeulizwa kama anakubali.

Nikapewa kipande cha kwanza, wote wakinikodolea macho. Nilitafuna, nikameza, nikasema ni kitamu ajabu, na kwamba pilipili inaingia mwishoni, kwa adabu. Kisha wakaonja wao. Mhasibu alitemea kwenye leso. Dereva alimuuliza yule mama kama wana ugomvi wa zamani. Mama mwenyewe akaonja, akashika kichwa: kwenye sufuria mpya ya chokoleti alikuwa ametia chumvi badala ya sukari.

Nilijua nimeumbuka. Lakini Bosi alionja tena, akafumba macho, akasema ni kweli, chini ya chumvi yote ile pilipili inaingia mwishoni, na hakuna aliyeigundua ila mimi. Hapo hapo akatangaza kwamba nitakalia kiti cha Mzee Ulimi, mwonjaji wetu anayestaafu, ambaye husema gunia lipi limeharibika kabla halijasagwa. Nilijaribu kukataa. Akasema unyenyekevu wangu unazidi kumhakikishia. Wakanipigia makofi.

Dada, tangu ile homa ya mwaka jana sisikii ladha wala harufu. Sikuwaambia kwa kuogopa mngeniita nyumbani. Kila ninachokula ni kama karatasi. Ile habari ya pilipili niliibuni.

Leo asubuhi nilimfuata Mzee Ulimi kwenye chumba chake cha kuonjea, nikamweleza yote, nikitumaini atanisemea kwa Bosi. Alifunga mlango kwanza.

“Kaa, mwanangu,” aliniambia. “Mimi mwenyewe miaka sasa sisikii kitu. Tazama rangi, sugua kiganjani, kisha tia sahihi. Ukisema lako, langu nalo litatoka.”

Akanikabidhi funguo. Nilipotoka niliwaona wapakiaji wameziba pua, wakilalamikia uvundo, wakibeba gunia la pilipili manga ambalo Mzee alikwisha kulipitisha. Walinipongeza kwa cheo kipya. Niliwashukuru.

Kesho naanza. Sijui niseme nini, wala nimwambie nani.

Zile pakiti za viungo vya hapa kiwandani nilizokuletea, usiwapikie watoto. Shemeji akiuliza, sema zimemwagika. Nisalimie wote, na mama usimwambie kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Karani